Friza ya Mama Mkubwa

Mwaka 2024, Serikali ilipotangaza kwamba Ziwa Tanganyika litapumzishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, Mama Mkubwa alianza kupiga hesabu siku hiyohiyo. Miezi mitatu bila migebuka, bila kuhe, bila dagaa wabichi wa Karema na Ikola, maana yake bei itapanda. Na bei ikipanda, mwenye akiba ndiye muuzaji. Akaamua kununua friza kubwa, aijaze samaki kabla ziwa halijafungwa, kisha awauze kidogokidogo hapa Makanyagio, Mpanda, mwezi wa sita na wa saba. Hesabu ile ilikuwa nzuri, na hadi leo sina neno la kuipinga. Balaa lililotukuta halikutoka ziwani. Lilitoka kwenye simu.

Nyumba ya Baba Mkubwa ni ya watu wanaouza na kununua kwa simu, kila mmoja kwa njia yake. Shangazi ni mfanyabiashara wa mchele. Hununua mpunga Mwamkulu na Kakese, huukoboa mjini, na mchele huusafirisha hadi kwa mwenye duka la jumla Dodoma ambaye hajawahi kuketi naye meza moja. Wote wawili ni watu wa biashara, na wanajua mchele ni nini. Kwanza Shangazi hutuma sampuli ya kilo chache kwa basi. Mwenzake akiridhika huandika oda: gunia ngapi, daraja gani, bei gani, na nani analipa gari. Nusu ya pesa huingia kabla gunia la kwanza halijashonwa, nusu nyingine mzigo ukishapakiwa. Mchele ukifika na chenga nyingi kuliko sampuli, bei inashuka kwa kiwango walichokubaliana tangu mwanzo. Kila senti ya hasara imeshaandikiwa mtu wa kuibeba kabla haijatokea.

Baba Mkubwa, mstaafu wa reli, husema mji wetu wenyewe ulizaliwa na mapatano ya namna hiyo. Kampuni ya Uruwira Minerals ilitaka kutoa madini ya risasi porini, ikahitaji njia ya kuyafikisha baharini, na ndipo likajengwa tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita zipatazo 210. Mgodi ulikuja kufungwa, reli ikabaki, mji ukakua. Kampuni ilihitaji huduma ya reli, na sisi tukapata kwetu.

Yuko pia mdogo wangu wa kike, binti wa mwisho wa Mama Mkubwa. Kiangazi, maji ya mto Katuma yanapopungua na viboko wa Hifadhi ya Katavi wanaposongamana kwenye madimbwi yaliyobaki, huenda kuwapiga picha na video fupi. Kampuni moja ya utalii huzinunua. Yeye ni mtu mmoja, na mnunuzi wake ni kampuni. Hapo mzani umegeuka: bei inatajwa na kampuni, tarehe ya malipo inatajwa na kampuni, na yeye kinga yake ni ujumbe wa maandishi unaosema video ngapi, za muda gani, na zitatumika wapi. Alijifunza mapema kutotuma video nzima kabla ya ujumbe huo kujibiwa.

Baba Mkubwa naye aliwahi kuuza cherehani ya zamani kwa tangazo la mtandaoni. Mnunuzi alikuwa fundi kutoka Katumba, makazi yaliyopokea wakimbizi wa Burundi waliokimbia mwaka 1972 na ambayo leo wengi wa watu wake ni raia wa Tanzania. Walikutana kwenye kibaraza chetu. Baba Mkubwa akamwonyesha mahali mkanda unapoteleza, akamwambia pedali ilishachomelewa. Fundi akaketi, akashona kipande cha kitenge, akaomba apunguziwe, akapunguziwa, akalipa. Mtu kwa mtu, macho kwa macho. Mali ikiharibika baada ya hapo, kila mmoja alijua kwamba hasara ni ya fundi.

Mama Mkubwa alikuwa wa upande wa nne, ule wa mteja anayenunua dukani. Wengi wetu tuko upande huo, na ndio wenye kinga kubwa kuliko zote, ilimradi aliye mbele yako awe duka kweli. Zamani kidogo jambo hilo lilikuwa rahisi kutambua. Jumia ilikuwa kampuni yenye jina, wafanyakazi na utaratibu wa kurudisha mzigo. Ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Watu wa mikoani tukazidi kununua kwenye kurasa za Instagram na makundi ya WhatsApp, ambako duka, dalali na mtu anayeuza kitanda chake hufanana. Wote wana picha nzuri na namba ya simu.

Friza aliipata kwenye ukurasa wa namna hiyo. Ilikuwa nyeupe, ndefu, mlango wa juu, na chini yake imeandikwa kwamba ni ya Japani halisi. Neno hilo lilimtosha Mama Mkubwa, na sababu anayo. Magari mengi yanayopita kwenye lami ya Mpanda yalinunuliwa kwa simu kutoka kwa kampuni za Japani kama BE FORWARD, mnunuzi akiwa hapa na gari likiwa ng'ambo ya bahari, na yanafika na kudumu. Akapiga simu.

"Mwanangu, hiyo friza ni nzima?"

"Shikamoo mama. Ni nzima kabisa, mama yangu. Ukiichomeka usiku, asubuhi una barafu."

"Marahaba. Na nikipata tatizo?"

"Sisi tupo Kariakoo, mama. Hatuhami."

Mama Mkubwa akatuma pesa. Kabla hajathibitisha, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji: jina la mtu, mwanamume, tofauti kabisa na jina la ukurasa. Duka lililosajiliwa kwa Lipa Namba huonyesha jina la biashara. Binti yake alikuwa ameketi pembeni, akaliona, akasema, "Mama, hili jina si la duka." Lakini ziwa lilikuwa linakaribia kufungwa, mtu wa Karema alishapewa oda ya samaki, na muuzaji alikuwa amemwamkia kwa heshima. Muamala ukaenda.

Tangu lami ya Tabora ikamilike, mzigo kutoka Dar es Salaam haututesi kama zamani. Friza iliingia stendi ya Magufuli kule Mbezi, ikapita Dodoma, Singida, Tabora na Koga, ikashushwa Mpanda Jumamosi imefungwa kwa makatoni na kamba za manila. Ndani yake kulikuwa na kiboksi kizito cha chuma chenye waya pande zote mbili. Hakikuwa na karatasi ya maelezo. Simuni muuzaji akasema, "Hicho ni cha kulinda umeme, mama. Friza ichomeke humo, na chenyewe kichomeke ukutani." Tukafanya hivyo. Friza ikanguruma, na baada ya saa chache kuta zake za ndani zikaanza kuvaa utando mweupe. Mama Mkubwa akapiga kigelegele.

Jioni ileile samaki wakaingia: matenga mawili ya migebuka na kuhe kadhaa wakubwa, wamepangwa kwa barafu na kufunikwa majani. Tuliwaosha, tukawafunga kwenye mifuko, tukawapanga hadi mlango ukafungika kwa kusukumwa. Zilibaki siku tatu ziwa lifungwe. Tukalala tumechoka na tumefurahi.

Kesho yake tulikwenda kanisani sote. Misa ilikuwa na ubatizo, ikachelewa kwisha. Tuliporudi, harufu ilitupokea kwenye geti: plastiki iliyoungua, na chini yake harufu ya samaki wanaoanza kubadilika. Kile kiboksi cha chuma kilikuwa kimeyeyusha waya wake, ukuta nyuma yake mweusi kimo cha mtu. Friza ilikuwa kimya. Maji yenye damu yalikuwa yametoka chini ya mlango wake, yakavuka sebule, yakalowanisha zulia na kuingia chumba cha Shangazi, ambako magunia ya mchele wa Dodoma yalikuwa yamepangwa juu ya mbao. Baba Mkubwa alikimbilia kuzima swichi kubwa. Shangazi alikimbilia mchele. Mama Mkubwa alifungua friza, akaweka mkono juu ya samaki, na akafumba macho.

Kisha akafumbua na kuanza kugawa kazi, na hapo ndipo nilipoona kwa nini watu humwita Mama Mkubwa hata wasio ndugu zake. Majirani waliitwa. Samaki walimwagwa juu ya maturubai uani na kuchambuliwa mmoja mmoja: matamvua mekundu na nyama inayorudi ukiibonyeza, upande huu, matamvua yaliyopauka na tumbo laini, upande wa kuzikwa. Wale wazima walipasuliwa mgongoni, wakafunguliwa kama kitabu, wakapakwa chumvi. Wavu wa banda la kuku ulisuguliwa kwa majivu, ukachomwa moto hadi ukawa mwekundu, ukawekwa juu ya matofali. Chini yake moto mdogo wa kuni mbichi, wa moshi zaidi kuliko ndimi. Watu walipokezana hadi alfajiri kugeuza samaki. Kila aliyesaidia aliondoka na fungu lake. Tuliokoa chini kidogo ya nusu.

Jumatatu akaja fundi wa majokofu. Hakufungua hata skrubu moja. Alivuta friza mbali na ukuta, akainama, akasoma bati dogo lenye maandishi ya Kijapani, akaweka kidole kwenye tarakimu. "Volti 100," akasema. "Umeme wa TANESCO ni volti 230." Kile kiboksi kilikuwa transfoma ya kushusha umeme, ndogo mno kwa kompresa ya ukubwa ule. Kila kompresa ilipowaka, transfoma ilivuta umeme kuliko uwezo wake, ikapata joto, hadi ikaungua, na kompresa ikafa pamoja nayo. Magari ya Japani hutufaa kwa sababu usukani wao uko kulia kama wetu. Umeme wao na wetu hauko sawa.

Muuzaji alipopigiwa, maneno yake yalikuwa mengine. "Mama, mimi ni dalali tu. Mali si yangu. Halafu bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Kisha hakupokea tena.

Mama Mkubwa akaenda kuandika malalamiko hadharani kwenye ukurasa ule, akaweka na namba yake ya simu. Kabla ya jioni ukaingia ujumbe wa mtu aliyejiita ofisa wa huduma kwa wateja: pesa yako ya friza imerudishwa, ili uipokee taja namba yako ya siri. Mama Mkubwa alishaanza kuiandika. Baba Mkubwa alimpokonya simu kwa upole, akasema, "Mke wangu, hakuna ofisa anayehitaji namba yako ya siri ili akupe pesa. Anaihitaji ili akuchukulie." Ujumbe ule na namba iliyoutuma vikapelekwa kwenye 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kupokea taarifa za utapeli wa namna hiyo. Watu wa aina hii huzunguka penye malalamiko wakitafuta aliyekwisha kuumizwa.

Usiku Shangazi alituita sote mezani. Aliuliza swali moja, ndilo analouliza katika mchele wake siku zote: "Hasara hii inalala kwa nani?" Akataka risiti ya mzigo ya basi, akataka mazungumzo yote ya WhatsApp yasifutwe hata nukta. Kwenye risiti kulikuwa na namba ya aliyeukabidhi mzigo Mbezi, tofauti na ya dalali. Akaipiga asubuhi. Akapokea mfanyabiashara wa jumla wa vifaa vilivyotumika, mtu mstaarabu, aliyeeleza bila kuficha: friza ile alimuuzia yule kijana pamoja na nyingine, kwa bei ya jumla, na kwenye risiti ya EFD aliandika volti 100, bila dhamana. Akatuma picha ya risiti. Kati yake na dalali hapakuwa na udanganyifu. Walikuwa wafanyabiashara wawili wanaojua wanachonunua, na bei ya chini ilikuwa malipo ya hatari ile. Maneno "volti 100" yalisafiri kutoka melini hadi Kariakoo, yakafutika palipotokea mteja wa kawaida, ambaye ndiye aliyeyahitaji kuliko wote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba aina hizi za biashara hazitofautiani kwa simu wala kwa ukurasa. Kitu kilekile, friza ileile, kilipita mikono mitatu, na kila mkono ulikuwa na sheria yake. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ifanane na maelezo hayo, awe anauza nani. Lakini inaongeza jambo kwa muuzaji ambaye kazi yake ndiyo hiyo: akikuuzia bidhaa ya aina anayoishughulikia, anahesabiwa kuwa ameahidi ubora wa kuuzika hata kama hakutamka neno. Fundi wa Katumba hakuwa na ahadi hiyo kutoka kwa Baba Mkubwa, kwa sababu Baba Mkubwa si muuza cherehani. Mama Mkubwa alikuwa nayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo inamtaka anayeuza mtandaoni amweleze mnunuzi yeye ni nani, yuko wapi, na bidhaa ikoje. Na inayapa maandishi ya simu nafasi ya kuwa ushahidi. Ndiyo maana Shangazi alikataza kufuta.

Alimwandikia dalali barua, akaipiga picha na kuituma pamoja na ile risiti ya jumla. Nilikuwepo alipozungumza naye baadaye, maana safari hii alipokea.

"Mwanangu, mwenye cherehani moja akiiuza, ni mtu anauza mali yake. Wewe una picha za friza, majokofu na majiko, na kila siku unaweka bei mpya. Wewe ni duka. Ukijiita dalali hubadilishi kitu. Ulijua ni volti 100, imeandikwa kwenye risiti yako. Ulimwambia wifi yangu achomeke usiku apate barafu asubuhi."

"Shangazi, mimi natafuta maisha."

"Na yeye pia. Tume ya Ushindani ipo, na sheria yake ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Mimi sitaki kukufikisha huko. Nataka urudishe pesa, uendelee kutafuta maisha."

Kijana alirudisha sehemu kubwa ya bei ya friza kwa mafungu. Nauli ya basi na samaki waliozikwa havikulipwa, na Shangazi hakuwavumilia waliomshauri amlaani. Alisema kijana yule ananunua kwa masharti ya mfanyabiashara na kuuza kwa watu wasio na masharti yoyote, bila kujua kwamba katikati pale hasara yote inamlalia yeye. Wako wengi kama yeye, wenye bidii, wanaolisha familia kwa simu moja, na hakuna aliyewahi kuwakalisha chini akawaambia kwamba siku walipoanza kuuza kwa wengi walikoma kuwa watu binafsi. Nami naamini hivyo. Mafunzo hayo yangewafaa kuliko matusi yanayojazwa chini ya picha zao, na yangewafaa akina mama wa Inyonga, Karema na Mishamo, wanaonunua wasichoweza kukigusa.

Friza haikutupwa. Fundi alitoa kompresa, Shangazi akachukua kasha lililobaki, na sasa linahifadhi mchele wa sampuli mahali ambapo panya hawafiki.

Migebuka waliobanikwa usiku ule waliuzwa wote Juni, kwa bei nzuri kuliko ambayo wabichi wangeleta, na ziwa lilipofunguliwa Agosti Mama Mkubwa hakurudi kwenye mawazo ya friza. Aliagiza wavu wa kufaa, akajenga banda la moshi nyuma ya nyumba, na binti yake akampigia picha za samaki kwa mikono ileile inayowapiga picha viboko wa Katuma. Tangazo lake lina jina lake kamili, mtaa wake, uzito wa kila fungu, bei pamoja na nauli ya basi, na Lipa Namba yenye jina la biashara. Anawauzia wenye migahawa kwa oda ya maandishi kama Shangazi, na wateja wa nyumbani kwa fungu mojamoja.

Mwezi uliopita mteja wa Sumbawanga alituma picha ya samaki wawili wenye ukungu. Sisi tuliokuwa mezani tulianza kujadili: huenda ni basi lililochelewa, huenda mteja aliwaacha kwenye mfuko wa plastiki, huenda ni wawili tu kati ya ishirini. Mama Mkubwa aliitazama ile picha kwa muda, akampa binti yake simu.

"Mrudishie pesa ya fungu lote sasa hivi," akasema. "Alinunua kwangu, hakununua kwa basi."